Ua la Saa na Ua la Msimu

Ua katika ushairi wa Kiswahili lina umri wa siku moja. Asumini hufumbua jioni, hutungwa ingali mbichi, huvaliwa usiku, na kukipambazuka imekwisha kunyauka. Kilua hutambulikana kwa harufu kabla hakijaonekana. Kikuba, kile kifungu cha mrehani, asumini na mkadi ambacho wanawake wa pwani hukibandika kifuani, huhesabiwa kwa saa, wala hapana akiwekaye kesho. Washairi waliyasifu maua hayo tangu zamani, nao waliyasifu vema, maadam waliyajua kwa pua na kwa mkono. Lakini hayo ni maua ya uani. Bustani ya mji, iliyo wazi kwa kila apitaye, ina maua ya namna nyingine: hayachumwi, hayavaliwi, na mengi hayanukii, tena hayahesabiwi kwa saa bali kwa miezi. Swali linaloupasa uhakiki ni kama ushairi umekwisha kujifunza hesabu hiyo ya pili.

Mfano ulio karibu ni Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Samora. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, wala si kwa ajili ya starehe. Kilikuwa kitalu cha majaribio, mahali pa kujua ni mimea gani ya kigeni ingeikubali ardhi ya pwani, na miti ya pambo ikaingia pamoja na miti ya biashara. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka huohuo, ulipata mashamba, manamba na historia. Ua la bustani lilipata benchi. Hapana ajabu basi kwamba watunzi walilipita. Aliyekuja mjini kutafuta kazi hakuwa na jambo la kumwambia mti usio na tunda.

Hata hivyo watu waliutazama. Katika bustani za mji huo na kando ya barabara zake, mti unaotawala mwisho wa mwaka ni mkrismasi. Asili yake ni Madagaska. Wakati wa ukavu hupukutisha majani, ukabaki na maganda marefu meusi yanayogongana upepo ukivuma. Kisha kusi hulegea, joto hupanda, na baina ya Oktoba na Desemba matawi hugeuka mekundu, aghalabu kabla majani mapya hayajatimia. Ua lake lina petali tano. Nne ni nyekundu. Ya tano husimama juu yao, ina weupe na madoa, mfano wa mtu aliyefika harusini bila kuambiwa sare. Masika ikifika, wekundu umekwisha kuanguka, na mti umekuwa mwavuli wa kijani ambao mpita njia hauangalii tena.

Jina la mti huu lastahili uhakiki kama shairi linavyostahili. Miti mingi ya Kiswahili imeitwa kwa tunda au ua lake. Huu umeitwa kwa tarehe. Walioupa jina hawakuwa washairi, nao waliona kwamba mti huweka ahadi na kuitimiza. Yamkini mtu atauliza kwa nini mji wenye Waislamu wengi uliupa mti jina la sikukuu ya Wakristo. Jibu ni la hesabu, si la dini. Mwaka wa Hijra ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kwa hiyo Ramadhani na Idi huzunguka majira yote: zamu hii katika joto, zamu nyingine katika kipupwe. Hapana ua liwezalo kufuatana na mwezi unaohama. Ua la msimu lilihitaji siku isiyotoka mahali pake, na Krismasi ilikuwapo.

Jambo hili lafafanua pia ukimya wa washairi wa kale. Tenzi zao, kila zilipotajwa tarehe, zilitajwa kwa Hijra. Pwani haikukosa kalenda ya jua: ilikuwako hesabu ya Nairuzi, yenye kuugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, ambayo wakulima na mabaharia waliitumia kujua siku ya kupanda na siku ya kutweka tanga. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya jembe na ya jahazi. Kaskazi, kusi na demani ziliingia katika mashairi pamoja na vyombo. Ua halikuingia nazo. Ua lilibaki kitandani na kifuani, ambako saa zatosha.

Ubora wa njia hiyo ya kale usidharauliwe. Katika shairi la maombolezo ambalo Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina, marehemu amefananishwa na ua lililokwisha kukunjua petali zake kisha likazikunja. Mfano huo una nguvu kwa sababu ni wa kweli kwa ua la saa: halikukatwa wala halikuoza, limefumba tu, na msomaji husikia kama kwamba usiku umeingia. Ni huzuni ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Lakini mwanafunzi auchukuaye mfano huo na kuutia katika mkrismasi atapotea, kwa kuwa mkrismasi haufumbi. Maua yake huanguka yakiwa wazi, maelfu kwa pamoja, yakatandika ardhi nyekundu ambayo watu huikanyaga wakienda kazini. Hiyo ni sura ya msiba mwingine kabisa, msiba wa umma, wa kizazi au wa jeshi. Nao ushairi wa Kiswahili, wenye misiba mingi ya aina hiyo ya kusimulia, haujaitumia sura hiyo kwa kadiri inavyowezekana.

Mtaa wenye jina la Shaaban Robert wapita jirani na bustani hiyo, jambo ambalo lingemfanya yeye mwenyewe atabasamu. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake, shujaa anaacha ukarani wa mjini na kwenda kulima. Kwake bustani ni jasho, tena iko mbali na mji. Kati ya ua wa nyumba na shamba la Utubora, bustani ya mji imebaki pasipo mwandishi wake.

Nafasi hiyo tupu haikubaki tupu: imejazwa na kitu cha kuazima. Vijana wengi watungao leo, wakitaka ua na msimu, huleta majira ya kuchipua, ambayo wameyapata katika vitabu vya Ulaya. Huko baridi huondoka, ardhi hulainika, na ua huwa ni malipo ya kustahimili. Katika beti zao masika hulazimishwa kufanya kazi hiyo. Lakini mkrismasi hautoi maua kwa kushukuru mvua ya masika. Huyatoa mwisho wa ukavu, ukitumia akiba yake wenyewe, wakati majani yaliyo chini yake yamekauka na vuli ingali ya mashaka. Mshairi asemaye kwamba nchi imechanua kwa sababu mvua imenyesha amesema jambo la kawaida, nalo si kweli kwa mti aliousimamia. Angalisema kwamba umechanua kabla ya mvua, angalikuwa na shairi.

Bogenvilia, iliyotoka Brazili, ina somo lililo gumu zaidi. Kile kinachoitwa ua lake ni majani yaliyopakwa rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Likinyweshwa maji mengi hurudi kuwa kijani, na rangi huzidi likioneshwa kiu. Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na yaelekea pwani ingalitoa hukumu hiyohiyo kwa uzuri huu usio na harufu. Hukumu hiyo si ujinga. Ni kipimo cha sanaa kilichokomaa, kidaicho kwamba uzuri umpe kitu anayeukaribia. Mtunzi wa mji hana budi kukijibu kipimo hicho, si kukipita kimya.

Nairobi ina jibu moja, ingawa halikuandikwa kwa beti. Huko mti wa msimu ni jakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, ambao baina ya Septemba na Novemba huvaa zambarau kabla ya mvua fupi. Mwaka 1989 palitolewa shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Wangari Maathai alilipinga, akatukanwa hadharani, na jumba halikujengwa. Katika mabishano yale ilidhihirika kile ambacho bustani ya umma humpa anayeikaribia: mahali ambapo asiye na kiwanja huketi bila kuulizwa. Ua lisilochumwa na mtu ni mali ya kila mtu, na kwa hiyo kila mtu ana haki ya kulitetea. Asumini ya uani haikuwahi kuhitaji utetezi wa namna hiyo.

Limebaki jambo la ufundi, dogo lakini la kukera. Mtunzi afuataye mizani atakayetaka kuuimba mkrismasi atakuta kwamba jina lake halikubaliani na kipimo: wengine watalihesabu mizani nne, wengine tano, kwa sababu ya zile konsonanti zilizogandamana, na ugomvi huo hauishi barazani. Jakaranda, ambalo ni jina la kigeni lisilobadilishwa ila tahajia, lina mizani nne zilizo wazi na kina cha -nda, ambacho hata mtunzi mchanga anacho tele. Basi jina lililozaliwa na watu wa mji limekwama mlangoni mwa ubeti, na lile la mgeni lapita bila kupiga hodi. Watunzi wa Dar es Salaam wana hiari ya kulipa jina lao irabu moja zaidi, kama waliowatangulia walivyoyafanyia maneno ya Kiarabu, au kuacha mizani nane za kipande na kutunga huru.