Mkate, Posho, Riziki

Hapa Lubumbashi mkate ni wa chai ya asubuhi. Chakula ni bukari, yaani ugali. Aliyeshiba mikate bila bukari bado atakuambia hajala. Ndiyo maana kila Baba Yetu inapofika kwenye mkate wa kila siku, moyo wangu humwendea mfasiri.

Kwa Kigiriki mkate huo unaitwa epiousios. Neno hilo limo katika Mathayo 6:11, katika Luka 11:3, na katika sala hiyohiyo ndani ya Didake, andiko la Wakristo wa mwanzo. Mwanateolojia Origene, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika karne ya 3 kwamba hakulikuta kwa wanazuoni wala vinywani mwa watu. Akaona Wainjili ndio waliolifinyanga. Ukilifumua, laweza kuwa mkate wa leo, au wa siku inayokuja, au unaotosha uhai. Mtakatifu Yeronimo, alipozisahihisha Injili za Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, kwa Luka aliweka “wa kila siku”, na kwa Mathayo neno la mkate upitao vitu vyote. Wengine huona hapo kigeugeu. Mimi naona fundi aliyekataa kuitupa nusu ya maana.

Mwaka 1889 msomi Sayce alichapisha orodha ya matumizi ya nyumbani iliyofukuliwa Hawara, Misri, akalisoma neno letu humo. Wengi wakakata shauri: ni chakula cha kupimiwa. Nasi Katanga tungeitikia upesi, maana wazee wetu wa kampuni ya madini ya Union Minière walipimiwa unga kila juma, na posho hiyo ikawa hata jina la juma lenyewe. Tafsiri gani ingetukaa vizuri zaidi?

Lakini karatasi ile ilipotea miaka mingi, na ilipoonekana tena katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1998, macho mapya yalisoma neno jingine: mafuta.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii ya kutafsiri kuliko zote. Mfasiri huliacha hata neno linalompendeza pale shahidi wake anapoondoka. Waliotoa tafsiri ya Muungano ya Kiswahili walichagua riziki: haitaji siku, haipimi kibaba, ila kila mwenye njaa anajua inatoka kwa nani. Wengine wakabaki na mkate. Mimi nasali kwa mkate, nikirudi nyumbani kwenye bukari, na katikati ya hayo mawili namshukuru mfasiri aliyekesha.