Sahani Imevunjika: Mtendaji Aliyefichwa katika Lugha ya Tabianchi

Mtoto aliyeangusha sahani jikoni hasemi, "Nimevunja sahani." Husema, "Sahani imevunjika." Hajasema uongo, kwani sahani kweli imevunjika na vigae vyake vimetapakaa sakafuni. Alichofanya ni kuchagua kauli isiyomdai mtendaji. Wanasarufi huiita kauli ya kutendeka, na Kiswahili huitumia kwa mengi: kwa staha, kwa kuwasitiri wengine, na aghalabu kwa kujisitiri. Kiambishi hichohicho kidogo, -ik-, ndicho kilichojificha ndani ya neno linalosikika leo katika kila hotuba, kila semina na kila taarifa ya habari inayohusu joto la dunia: mabadiliko. Mabadiliko hutokana na kubadilika, wala si na kubadili.

Ingeweza kudhaniwa kuwa lugha haikuwa na hiari. Ilikuwa nayo. Kitenzi geuka kimezaa mageuko, na geuza kimezaa mageuzi, na wasemaji hawayachanganyi. Vyama vingi viliporudi katika miaka ya 1990, jambo lile liliitwa mageuzi, kwa sababu kila mtu alijua kuwa wapo waliolidai na wapo waliolikubali kwa shingo upande. Hakuna aliyeliita mageuko. Ilipofika zamu ya anga na bahari, lugha ikashika njia nyingine, kisha ikaongeza tabianchi juu yake. Tabianchi ni neno fupi, lenye kutamkika vizuri, na limewaokoa watu na mkorogano wa zamani wa kutumia "hali ya hewa" kwa mvua ya leo na kwa majira ya karne nzima. Lakini lisomwe polepole: tabia ya nchi. Tabia ni mwenendo. Basi "mabadiliko ya tabianchi", kwa sikio la bibi asiyehudhuria semina, ni nchi iliyobadilika mwenendo, mithili ya kijana aliyekuwa mpole akaanza kurudi nyumbani usiku wa manane. Lawama imeiangukia nchi.

Si haki kuwatwika mzigo huu wafasiri wa Kiswahili peke yao. Walifasiri walichopewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 unaeleza katika kifungu chake cha kwanza kuwa mabadiliko unayoyakusudia ni yale yanayotokana, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na shughuli za binadamu. Mtendaji yumo, ila amewekwa ndani ya ufafanuzi, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Kwenye jina la mkataba hayumo. Na wapo walioiona faida ya jina hilo mapema. Mwaka 2002 mshauri wa maneno wa chama cha Republican cha Marekani, Frank Luntz, aliandika waraka, uliofichuliwa mwaka uliofuata, akiwashauri wanasiasa wake waseme mabadiliko ya tabianchi badala ya kuongezeka kwa joto la dunia, kwani la kwanza halitishi. Mtu huyo si mshairi, lakini alikijua kitu ambacho washairi wengi wa mazingira hawajakijua: kwamba uchaguzi wa nomino ni uchaguzi wa upande.

Ama swali lenyewe, kwamba ni binadamu au si binadamu, limejibiwa, na jibu lake linapendeza kwa wenye kupenda dalili. Tangu mwaka 1958 hewa ya ukaa imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Kabla ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Hewa iliyotoka katika makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: imezikwa kwa mamilioni ya miaka hata ikapoteza aina ile ya kaboni inayooza kwa mnunurisho, nayo inapoingia angani huipunguza iliyokuwapo. Tena, lau jua ndilo lingekuwa sababu, tabaka zote za anga zingepata joto. Kilichoonekana ni tabaka ya chini kupata joto na ya juu kupoa. Anayesema kuwa tabianchi imebadilika tangu zamani za kale anasema kweli, na hajasema lolote juu ya kilichoibadili safari hii. Watu walikufa kabla ya kuwapo wauaji. Hiyo haimtoi muuaji hatiani.

Kinachomhusu mhakiki zaidi ni jinsi jibu hilo lilivyoandikwa. Ripoti za jopo la kiserikali la wanasayansi zinastahili kusomwa kama utenzi ulioandikwa na mikono mingi, kila beti ikipiganiwa. Madrid, mwezi Novemba 1995, wajumbe walishindana muda mrefu juu ya kivumishi kimoja cha kuueleza mchango wa binadamu, wajumbe wa nchi zinazouza mafuta wakikaza kamba, hata wakatua kwenye neno lenye maana ya "unaobainika". Mwaka 2001 ukawa wa kuelekea uhakika, mwaka 2007 ukawa wa uhakika mkubwa zaidi, mwaka 2013 ukazidi tena, na mwaka 2021 ndipo ilipoandikwa kuwa jambo halina utata. Miaka 26 ilipita kutoka kivumishi cha kwanza hadi cha mwisho. Hakuna diwani iliyohaririwa kwa gharama kubwa kiasi hicho, maana zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vianze imetoka baada ya mwaka 1990, yaani vivumishi vikiwa vinajadiliwa.

Lakini mara mtendaji alipotajwa, alitajwa kwa jina la kila mtu. "Shughuli za binadamu", husema tafsiri, na binadamu ni mwana wa Adamu: hakuna aliyebaki nje. Hapa ndipo maficho ya pili yalipo, na ni ya hila kuliko ya kwanza. Ikiwa sahani imevunjwa na "watu wa nyumba hii", aliyekuwa shambani siku nzima anaingizwa katika hesabu. Mvuvi wa Kojani mwenye mashine ndogo ya mtumbwi na kampuni ya mafuta, ambayo wataalamu wake wenyewe walikwisha kukadiria ongezeko la joto mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wote ni binadamu, na wote wana shughuli. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ya ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi. Afrika nzima, kutoka Tunis hadi Cape Town, haifiki asilimia 5. Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14 kwa mwaka, na Mtanzania hafiki nusu tani. Sarufi inayowaweka hawa wawili katika nomino moja haikukosea ngeli, imekosea hesabu.

Ushairi wa Kiswahili wa miongo hii umeifuata sarufi hiyo kwa utiifu wa kusikitisha. Tungo za magazetini na za sherehe za siku ya mazingira zinajulikana kwa sura: tarbia yenye vina vilivyotimia, kibwagizo kinachoamrisha kupanda miti, na mkosaji ambaye karibu kila mara ni mchoma mkaa au mama aliyejitwika kuni. Vina havina kasoro. Kasoro ni kwamba mshairi anamkaripia jirani aliye karibu na sauti yake, na aliye mbali amemsamehe bila ya kuombwa. Malenga wa zamani walipojibizana walijua kumlenga mtu kwa fumbo hata akajijua. Fumbo la leo linamlenga asiyekuwa na la kujibu.

Inafaa kulinganisha na kilichofanywa na mshairi wa Visiwa vya Marshall, Kathy Jetñil-Kijiner, aliposimama mbele ya mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini New York mwezi Septemba 2014. Shairi lake amelielekeza kwa binti yake mchanga, ni mama anayemwahidi mtoto kuwa bahari haitammeza. Ungewezekana ukawa utungo wa machozi tu. Lakini ndani ya ahadi hiyo amewaingiza wenye kutenda: makampuni yenye uroho, aliyoyapa umbo la wanyama wakubwa wa baharini, na wanasiasa wenye kujifanya hawaoni. Rasi na kisiwa vimekaa katika shairi pamoja na aliyevihatarisha. Mtu anaweza kulilaumu kwa kumalizia na matumaini ya maandamano, ambayo yanasikika kama yameandikiwa ukumbi. Lakini mtendaji hakukosekana.

Likija suala la nani afanye nini, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza cha mikataba hakina. Neno moja la Kiingereza, "responsibility", hugawika kuwa jukumu, wajibu na dhima, na matatu haya hayalingani. Jukumu hutazama mbele: ni kazi uliyopewa. Wajibu hukulazimu kwa sababu ya cheo au ubinadamu wako. Dhima hutazama nyuma pia: ni deni lililokaa juu ya mtu mpaka alilipe. Mkataba wa 1992 uliposema kuwa nchi zote zina hii "responsibility" kwa pamoja lakini kwa viwango tofauti, tafsiri iliyozoeleka ikawa "majukumu ya pamoja yenye kutofautiana". Kwa neno jukumu, miaka 200 ya moshi imekuwa kazi ya kesho. Mfasiri aliyeandika "dhima" angekuwa ameandika mkataba mwingine, na pengine ndio waliokusudia wajumbe wa nchi maskini walipoupigania.

Wakubwa wanaujua uzito wa neno kuliko wafasiri. Mjini Paris, tarehe 12 Desemba 2015, kikao cha mwisho kilicheleweshwa kwa sababu ya kitenzi kisaidizi kimoja katika kifungu cha nne. Rasimu ilizitaka nchi tajiri zipunguze gesi kwa kutumia "shall", yaani ni lazima. Marekani ikataka "should", yaani yafaa. Neno likabadilishwa na kusomwa ukumbini kama sahihisho la kiufundi. Likabadilishwa: kauli ya kutendwa, na mtendaji tena hayupo. Katika uamuzi uliofuatana na mkataba, ibara ya 51 ikaeleza kuwa yaliyosemwa kuhusu hasara na uharibifu si msingi wa dhima wala fidia. Yaani sahani itazungumzwa, vigae vitahesabiwa, na pesa ya sahani haitatajwa. Glasgow mwaka 2021 makaa ya mawe yaliyokuwa yaondoshwe hatua kwa hatua yakawa ya kupunguzwa hatua kwa hatua, dakika za mwisho. Mfuko wa hasara na uharibifu ulipokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulijengwa juu ya hiari ya mtoaji, na hiari kwa Kiswahili ni kinyume cha deni.

Waliobaki bila ya fidia wamepewa neno jingine: kuhimili. Miradi ya visiwani na ya bara imejaa ustahimilivu, na neno limepokewa kwa furaha kwa kuwa linafanana na subira, ambayo ni sifa. Lakini himili na stahimili ni ndugu wa hamali. Mzizi wao wa Kiarabu ni mmoja, wa kubeba mzigo. Tofauti ni kwamba hamali wa bandarini Malindi huulizwa kwanza bei, ndipo akainama.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanajua neno hili lina uzito gani. Kilimo chao kilianza mwaka 1989, wengi wao wakiwa wanawake, na aina yenye bei nzuri ilikuwa kotoni. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotoni ikashikwa na maradhi na kufa sehemu nyingi, ikabaki spinosum, ambayo hustahimili zaidi na hununuliwa kwa bei ya chini. Ushauri uliofuata ni kuhamia maji ya kina kirefu, yaliyo baridi zaidi. Wengi wao hawajui kuogelea. Katika lugha ya ripoti hilo huitwa kuhimili. Katika lugha ya soko, ambayo ndiyo asili ya neno hasara, ni mtu kulipishwa mali aliyoiharibu mwingine.

Watakuwapo wa kusema kuwa bahari haipoi kwa kubadilishiwa viambishi, na kwamba wanaokata mikoko na kuchimba mchanga ufukweni wanafurahi kuambiwa mkosaji yuko Texas. Hoja ya pili ina nguvu. Mikoko inayokatwa visiwani hukatwa na watu wa visiwani, nao hawahitaji Glasgow wala Paris kuiacha; ufukwe usio na mikoko huliwa upesi. Lakini hiyo ni dhima ya pili, yenye mtendaji wake na kipimo chake, na haiwezi kutumika kulipia ya kwanza. Bahari ya dunia ilipanda takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018 kwa sababu maji yenye joto hutanuka na barafu ya nchi kavu huyeyuka, na hakuna shoka la Pemba lililoyeyusha barafu ya Greenland. Kuhusu hoja ya kwanza, ingekuwa na mashiko zaidi kama wenye nguvu wangekuwa wanayadharau maneno. Wao ndio waliokesha Madrid kwa kivumishi na Paris kwa kitenzi.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, ilitoa maoni yake kwa kauli moja. Jambo lilianza mwaka 2019 kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha visiwa vya Pasifiki, likabebwa na Vanuatu, likaombwa rasmi na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2023. Mahakama ilisema kuwa nchi zinabanwa na sheria kuilinda tabianchi, na kwamba nchi inayokiuka yaweza kupaswa kurejesha, kufidia au kuridhisha aliyedhurika, uhusiano wa kisa na athari ukithibitishwa. Fidia, iliyofungiwa mlango Paris, imeingia kwa mlango wa mahakama. Mwezi Mei mwaka huohuo ombi la maoni ya namna hiyo lilipelekwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za umoja ulioiunda. Maoni hayo yatakapofasiriwa, atakayekaa mezani na kalamu atalikuta neno lile la Kiingereza katika ukurasa wa kwanza, na itambidi achague kati ya jukumu, wajibu na dhima.