Kisa cha Wimbo na Pasipoti ya Mtunzi: Uhakiki wa Nyimbo za Watunzi Huru wa Kanada

Ikisiri

Makala hii inahakiki visa vinavyoandamana na nyimbo za watunzi huru wa Kanada, yaani maelezo anayoyatoa mtunzi, jukwaani au kwenye jalada la albamu, kuhusu chimbuko la wimbo wake. Inadai kwamba kisa cha namna hiyo ni matini yenye kanuni zake, na kwamba sera ya muziki ya Kanada, ambayo husifiwa sana katika mijadala ya sera, haina kipimo cha kukipimia. Mifano imetokana na kazi za Stan Rogers, Jeremy Dutcher na Buffy Sainte-Marie.

Utangulizi

Katika matamasha ya muziki ya Kanada kuna mtindo uliokwisha kuwa desturi: watunzi watatu au wanne huketi mstari mmoja na magita yao, na kila mmoja, kabla ya kuimba, hueleza jinsi wimbo wake ulivyozaliwa. Maelezo hayo huweza kuchukua muda sawa na wimbo wenyewe, na hadhira huyasubiri kwa hamu.

Msomaji aliyelelewa katika taarab ataliona jambo hili kuwa geni kidogo. Katika taarab kisa hufichwa. Fumbo lina nguvu kwa kuwa mlengwa hatajwi, na anayeinuka kwenda kutunza ndiye anayelijaza jina kimoyomoyo. Mtunzi wa Kanada hufanya kinyume: hufumbua kwanza, kisha huimba. Sababu si ya kisanaa peke yake. Mtunzi huru, yaani anayemiliki rekodi zake au anayetolewa na kampuni ndogo isiyo tawi la makampuni makubwa ya kimataifa, hana idara ya kumtangaza. Kisa ndicho bidhaa anayoweza kuiandaa bila mtaji. Kwa hiyo kinastahili kusomwa kwa ukali uleule unaotumika kwa beti, badala ya kupokewa kama ushahidi wa kiapo.

Kisa kilichomezwa na wimbo

Stan Rogers alizaliwa mwaka 1949 Hamilton, jimboni Ontario, mji wa viwanda vya chuma ulio mbali na bahari. Wazazi wake walitoka Nova Scotia, na utotoni alikuwa akipelekwa huko wakati wa kiangazi. Sifa yake imejengwa juu ya nyimbo za wavuvi, mabaharia na wakulima, nyingi zikiimbwa kwa nafsi ya kwanza, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mvuvi wala baharia. Alifanya kazi nje ya makampuni makubwa, kwa kampuni yake ya Fogarty's Cove Music, hadi alipofariki tarehe 2 Juni 1983 kutokana na moto ndani ya ndege ya abiria iliyotua kwa dharura katika uwanja wa Cincinnati. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Wimbo wake "Barrett's Privateers" unasimulia safari ya mwaka 1778 ya mabaharia wa Halifax waliopewa kibali cha kuteka meli za Wamarekani. Msimulizi ni kijana aliyerudi akiwa kilema. Vita ni vya kweli, vibali vya namna hiyo vilikuwepo, na Halifax ilikuwa bandari ya Waingereza. Lakini nahodha na chombo chake ni vya kubuni. Hata hivyo wimbo huu huimbwa katika baa za Nova Scotia kana kwamba umerithiwa kutoka karne ya 18, na si wachache wanaoshangaa kusikia kwamba ulitungwa katika miaka ya 1970.

Kuuita udanganyifu ni kukosea. Rogers hakuficha utunzi wake. Ila nafsi aliyoibuni ilisimama imara kiasi cha kutohitaji wasifu wa mtunzi kuishikilia, na huo ni ufundi wa daraja la juu. Kwa mtunzi huru, hata hivyo, ufundi huo una gharama: wimbo unaodhaniwa kuwa wa jadi hudhaniwa pia kuwa hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe haudaiwi mirabaha.

Kisa chenye njia ya kurudi

Hali ni tofauti kabisa kwa Jeremy Dutcher, mwimbaji wa sauti ya tena aliyefunzwa muziki wa kiopera, anayetoka katika jamii ya Tobique, jimboni New Brunswick. Albamu yake ya mwaka 2018, *Wolastoqiyik Lintuwakonawa*, aliyoitoa mwenyewe, inahusu nyimbo za watu wa Mto Wolastoq, mto ambao ramani rasmi huuita Saint John. Albamu hiyo ilishinda Tuzo ya Polaris mwaka huohuo.

Kisa chake kinajulikana. Maggie Paul, mzee na mhifadhi wa nyimbo za jamii hiyo, alimweleza kuwa nyimbo za wahenga zimo katika hifadhi ya makumbusho. Dutcher akaenda kwenye Makumbusho ya Historia ya Kanada, Gatineau, akasikiliza silinda za nta zilizorekodiwa na mwanaanthropolojia William Mechling mwanzoni mwa karne ya 20. Alizinukuu kwa saa nyingi, akazitungia upya kwa piano na nyuzi, na akaziacha sauti za waimbaji wale wa kale zisikike ndani ya rekodi mpya, zikiwa na mikwaruzo yake yote. Anaziimba kwa Kiwolastoqey, lugha ambayo wazungumzaji wake fasaha waliobaki ni wachache mno.

Jambo la kuzingatiwa kwanza ni kwamba kisa hiki hakikomei kwa mtunzi. Kina viungo vinavyoonekana: mzee aliyeelekeza, makumbusho yaliyohifadhi, mtafiti aliyerekodi, waimbaji waliorekodiwa. Kila kiungo chaweza kufuatiliwa na mtu asiyemfahamu Dutcher kabisa. Aidha, kinaeleza kwa nini nyimbo zilikuwa makumbusho wala si vijijini. Kuanzia mwaka 1884 sheria ya Kanada iliyowahusu wenyeji wa asili ilipiga marufuku baadhi ya sherehe za jadi, kwanza zile za pwani ya magharibi, na marufuku hayo, yaliyopanuliwa baadaye, hayakuondolewa hadi 1951. Nazo shule za bweni ziliwakataza watoto lugha zao. Silinda zilikusanywa katika kipindi hichohicho ambacho wenye nyimbo walikuwa wakifundishwa kuzionea haya.

La pili ni gumu zaidi. Kwa kuwa wasikilizaji walio wengi hawaelewi neno hata moja la Kiwolastoqey, kisa huwa mlango wao wa pekee, na mlango wa pekee huweza kugeuka nyumba. Mtu anaweza kuisifu albamu nzima kwa sababu ya silinda bila kusema lolote kuhusu muziki. Yapo ya kusema. Katika baadhi ya nyimbo piano na nyuzi hupaa juu mno, hata sauti ya silinda ikabaki kuwa kama kiungo katika pilau ya mtu mwingine. Penye utulivu, ambapo sauti ya Dutcher na ya marehemu hupokezana kama katika kuitikiana, ndipo albamu inapotimiza ahadi ya kisa chake. Albamu ya pili, *Motewolonuwok* ya mwaka 2023, imeingiza pia nyimbo za Kiingereza, haikuegemea silinda kwa kiasi kile, na bado ilimpa Tuzo ya Polaris ya mwaka 2024. Hakuna msanii mwingine aliyewahi kuipata tuzo hiyo mara mbili.

Kipimo cha pasipoti

Tangu mwaka 1971 CRTC, tume inayosimamia utangazaji nchini Kanada, imezitaka redio kupiga kiwango maalumu cha muziki wa Kanada: asilimia 30 mwanzoni, na asilimia 35 kwa muziki wa kisasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kipimo kilichotumika kwa miongo mingi kina vigezo vinne: mtunga muziki, msanii, mahali pa kurekodi au kutumbuiza, na mtunga maneno. Kwa kawaida wimbo ukitimiza viwili huhesabiwa. Mwaka 1991 kipimo hicho kilizikataa nyimbo za Bryan Adams, Mkanada wa kuzaliwa, kwa sababu alizitunga pamoja na mgeni, na kelele zilizofuata zikasababisha marekebisho. Kigezo cha lugha kimewekwa kwa Kifaransa, ambacho redio zake hudaiwa asilimia 65 ya nyimbo za kisasa zenye maneno. Kiwolastoqey hakimo katika hesabu hiyo.

Upungufu wa kipimo hiki ulidhihirika kwa Buffy Sainte-Marie. Albamu yake *Power in the Blood*, iliyotolewa na kampuni huru ya True North, ilishinda Polaris mwaka 2015. Mwaka 2023 uchunguzi wa shirika la utangazaji la CBC uliitilia shaka asili yake ya Kikree, ukionyesha hati ya kuzaliwa ya Massachusetts, Marekani. Yeye alikanusha kudanganya, na watu wa familia ya Piapot iliyompokea kwa mila za Wakree walimtetea. Mwaka 2025 Polaris ilimvua tuzo, na waandaaji wa Tuzo za Juno wakafanya vivyo hivyo. Sababu rasmi haikuwa kisa: ilikuwa uraia, baada ya yeye mwenyewe kuthibitisha kuwa ni Mmarekani. Taasisi zilizotikiswa na swali la kisa zililijibu kwa pasipoti, kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee zilichokuwa nacho.

Washauri wa sera wanaopendekeza kiwango cha aina ya Kanada kwa redio za Afrika Mashariki hawana budi kuangalia hapo. Rekodi alizokusanya Hugh Tracey katika ukanda huu mwaka 1950 na 1952 zimehifadhiwa Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, na mwaka 2014 hifadhi hiyo na Ketebul Music ya Nairobi zilirudisha nakala kwa jamii kadhaa za Kenya, wakiwemo Wakipsigis. Mtunzi wa Kericho atakayezisikiliza, akawatafuta wajukuu wa waliorekodiwa na kuzitungia upya kwa Kikipsigis, atahesabiwa chini ya kanuni ya aina hiyo sawasawa na mwenzake aliyerekodi juzi tangazo la sabuni lenye kibwagizo.