Tangi Humtambulisha Fundi

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lililotoka mwaka 1969, lina heshima yake Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, likiendeshwa mara hiyo ya pili na Shekhar Mehta. Wanaolifufua leo hujivunia rangi na injini. Mjuzi huanza kwa kuinama nyuma, chini ya buti, linakokaa tangi la lita 60.

Maandalizi. Fundi mzuri hutoa waya hasi wa betri, kisha humwaga petroli kupitia nati iliyo chini ya tangi, penye hewa ya kutosha. Ukimkuta juu ya shimo la gereji, ondoa gari lako: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni ukingoja cheche.

Mipira. Magari yaliyouzwa Marekani yana mipira kadhaa ya mvuke inayoelekea kwenye tangi dogo lililofichwa ubavuni. Aliye makini hupiga picha na kuweka alama kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa, na wakati wa kufunga huweka mipya. Harufu ya petroli ndani ya gari mara nyingi hutoka kwenye mpira uliokakamaa na kupasuka.

Mikanda. Tangi hushikwa na mikanda miwili ya chuma. Nati zikigoma, dawa yake ni mafuta ya kulegeza kutu na subira. Moto haukaribii hapo. Tangi hushushwa taratibu juu ya jeki yenye ubao. Likirudishwa, pawe na raba kati yake na mkanda.

Ndani. Pete ya floti ifunguliwe kwa kugongwa na shaba, maana chuma kwa chuma huzaa cheche. Mulika kwa tochi. Kutu nyepesi huoshwa ikatoka. Bati lililoliwa huzibwa au hubadilishwa. Utando uliopakwa juu ya kutu hubanduka, ukaziba filta na kabureta. Kama palichomelewa, uliza tangi lilisafishwaje kwanza, kwani tangi tupu lenye mvuke hulipuka. Kisha omba lijaribiwe mbele yako kwa upepo mdogo na povu la sabuni.

Gari linalong'aa ambalo tangi lake halijawahi kushushwa limepakwa rangi tu, halijafufuliwa. Lipe bei ya rangi.