Sifa za Fundi wa Chini

Mtu akitaka kununua gari dogo Dar es Salaam, maswali ya ndugu na marafiki ni yaleyale. Linasumbua? Linakula mafuta? Spea zake zinapatikana? Akiyajibu vizuri hayo matatu hakuna atakayeuliza la nne, yaani kama gari lenyewe ni tamu mkononi. Utamu unahesabiwa kuwa anasa ya wenye magari mawili. Mwenye moja atafute la kumfikisha. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na nusu yake naikubali. Gari likikuzimikia Kimara saa moja asubuhi, foleni nzima inakupigia honi, hutaikumbuka kona yoyote uliyowahi kuikata vizuri. Nusu ya pili siikubali kabisa, na sababu zangu ziko chini ya gari, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama.

Mdogo wangu wa kike alipopata kazi Morogoro alikuja na majina mawili: Toyota Vitz au Mazda Demio. Ni ubishi wa kila yadi, na nilifurahi kuulizwa. Vitz iliingia sokoni Japani mwaka 1999. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na kule Ulaya, inakoitwa Yaris, ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka 2000. Zile zenye injini ya 1NZ, ya lita moja na nusu, zinatumia injini ileile iliyomo kwenye IST na Probox. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, na fundi wa mtaa wowote anaijua kama anavyojua njia ya kwake. Ibadilishie oili kwa wakati, itakuvumilia miaka.

Demio ya mwaka 2007 ilitengenezwa na wahandisi waliothubutu kufanya jambo ambalo wakati ule wenzao wengi walikuwa wanalikwepa: walipunguza uzito. Toleo hilo lilipungua takriban kilo 100 kuliko lililolitangulia, na mwaka 2008 likatunukiwa kuwa Gari la Mwaka la Dunia. Kilo 100 ni abiria mnene na begi lake. Mshushe mtu huyo kutoka kwenye gari dogo, halafu lipandishe kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara ile nyembamba inayojikunja kupitia Soni, mwamba upande huu na korongo upande ule. Utaona gari linavyoingia kwenye kona bila kubembelezwa, na wakati wa kurudi utaona breki zinavyofika bondeni zikiwa na nguvu. Dereva anayeshuka milima ile hahitaji kuelezwa kwamba utamu na usalama ni ndugu.

Kwa hiyo mizani ya yadi inasoma hivi: Vitz ni uimara, Demio ni raha, chagua. Mimi nasema mizani hiyo ina kasoro, kwa sababu yanayopimwa si magari yaliyotoka kiwandani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa ziada kwa lililopita umri huo. Hata hivyo gari dogo ambalo mwananchi wa kawaida analimudu huwa limeshakula miaka kumi na zaidi: mengine huko Japani, mengine kwenye matuta yetu. Injini ya Kijapani ya umri huo mara nyingi bado inawaka kwa mguso mmoja. Kilichokufa ni raba. Bushi zimepasuka, shokapu zimevuja, bolojointi zimelegea, na usukani umebaki na ulegevu ambao mwenye gari ameuzoea hadi hauoni tena. Gari la namna hii tunaliita zima kwa sababu linawaka. Kisha tunaliendesha, tunaliona zito na lenye kuyumba, tunahitimisha kwamba magari ya aina hiyo hayana raha. Tumeipa injini peke yake haki ya kutoa ushahidi.

Mtu anayeweza kurekebisha mizani hii ni fundi wa chini. Fundi wa injini anatajwa kwa jina kwenye vikao, fundi umeme anaogopwa kama mganga, fundi rangi anasifiwa siku ya harusi. Huyu wa chini hutafutwa siku gari linapogonga kwenye tuta kiasi cha kumwaibisha mwenye nalo. Nimekaa sana kwenye vibao na matairi ya gereji nikimwangalia wa kwangu akifanya kazi, na naiona kazi hiyo kuwa katika fani bora tulizonazo mjini.

Haanzi na jeki. Anaanza kwa kuchuchumaa mbele ya tairi na kupitisha kiganja juu ya meno yake, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kiganja kikiteleza kwa ulaini safari moja na kukwaruzwa safari ya pili, ameshajua kwamba magurudumu hayatazami mbele sawasawa, kwamba kila kilomita moja tairi linaburutwa kidogo kwa ubavu. Hapo hakimbilii alaimenti. Alaimenti iliyofanywa juu ya tairodi iliyolegea ni kupanga viti kwenye mashua inayoyumba. Anataka kwanza kujua kimelegea nini.

Ndipo anainua. Anashika gurudumu juu na chini, analitikisa: hapo anasikiliza beringi na bolojointi. Analishika kushoto na kulia, analitikisa tena: hapo ni tairodi na boksi ya usukani. Ulegevu anaoutafuta haujafika hata upana wa ukucha, na haupati kwa macho. Anaupata kwenye vifundo vya mikono. Kisha anaingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini wa gurudumu na fremu, anausukuma taratibu, huku tochi ameibana kwa meno. Raba nzima husogea kidogo ikarudi. Raba iliyochoka hufunguka mdomo. Siku aliponionyesha bushi ya nyuma ya mkono wa kulia wa Vitz moja, ufa ulikuwa umezunguka robo tatu ya duara, na gari hilo mwenyewe alikuwa amelileta tu kubadilisha oili. "Kaka," aliniambia, "injini ya huyu haina neno. Huku chini ndiko alikofia."

Kilichonifanya niandike makala hii ni namna anavyofunga bushi mpya. Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Raba imeshikamanishwa na mirija miwili ya chuma, mmoja ndani na mwingine nje, na gurudumu likipanda na kushuka, raba ndiyo inayosokoteka katikati na kujirudisha. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya stendi, miguu ikining'inia, raba inafungwa katika mkao huo wa kuning'inia. Ukilishusha, imeshasokotwa hata kabla ya kukutana na tuta la kwanza, na itapasuka mapema sana. Kwa hiyo fundi wangu anazipachika bolti zote bila kuzikaza. Anashusha gari likae kwa uzito wake juu ya mbao nne alizozipanga chini ya matairi, analinesanesa kila kona ili miguu ikae mahali pake, halafu anajilaza kwenye ule upenyo finyu uliobaki na kukaza bolti moja baada ya nyingine, mgongo kwenye vumbi na oili. Mwenye gari haoni tofauti. Likiondoka gereji siku hiyo, lililokazwa vibaya na lililokazwa vizuri huenda sawa. Tofauti itakuja baada ya miezi, na kufikia hapo hakuna atakayekumbuka nani alikaza nini. Fundi anayejilaza kwenye upenyo ule bila kutazamwa na mtu namheshimu kama ninavyomheshimu mwashi anayenyoosha ukuta utakaofunikwa na plasta.

Sasa utamu uko wapi hapa, na uimara uko wapi? Bushi iliyokazwa sawasawa ndiyo inayofanya usukani ujibu pale unapouelekeza. Bushi hiyohiyo inalinda tairi lisiliwe upande mmoja, inafanya gari lisivutwe kando ukikanyaga breki, inaiondolea shokapu mzigo usio wake. Hakuna sehemu ya raha na sehemu ya kudumu. Ni raba moja.

Walioshindana Safari Rally walilijua jambo hili zamani. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye tope la masika na mawe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff, na watu hao hao wakashinda tena mwaka 1968 kwa gari la aina hiyohiyo, mwaka ambao pia waliomaliza walikuwa saba tu. Peugeot hazikuwa na mbio za kutisha. Zilikuwa na springi ndefu na laini, na shokapu ambazo kampuni ilijitengenezea yenyewe kwa miongo mingi badala ya kuzinunua kwa wengine. Gari lililofika lilikuwa ndilo gari ambalo dereva aliweza kuliendesha kwa kasi bila kuogopa lililo mbele yake. Wazee waliopanda 404 na 504 za abiria wanakumbuka starehe ya kiti kwanza, kisha ndipo wanakumbuka kwamba hazikuharibika.

Siwezi kusema kwamba vitu hivi viwili havijawahi kugombana. Mini ya Alec Issigonis, iliyotoka Uingereza mwaka 1959, inanizuia. Ili watu wanne waenee kwenye gari la mita tatu, Issigonis aliilaza injini kwa upana na kuweka gia boksi chini yake, akasukuma magurudumu ya inchi 10 hadi pembe za mwisho, na badala ya springi za chuma akatumia koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton. Likawa gari linalokata kona kama hakuna jingine. Lilishinda Monte Carlo Rally mwaka 1964, 1965 na 1967. Lakini ule mpangilio uliolipa kona uliiacha mitambo ya kuwasha moto karibu na wavu wa mbele, mvua ikawa inaingia na gari linazima njiani. Uamuzi mmoja ulizaa yote mawili. Anayempenda Issigonis, nami nampenda, inabidi akubali hilo.

Ila kwa gari dogo la leo ugomvi huo umepungua sana, na ushahidi ninao karibu. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha, mshindi alikuwa Sébastien Ogier kwa Toyota Yaris, na mwaka 2022 Toyota zilizobeba jina la GR Yaris zikachukua nafasi nne za kwanza. Ni jina lilelile la Vitz ya mwalimu na muuguzi. GR Yaris ya barabarani, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020, inaunganishwa katika kiwanda cha Motomachi kwenye vituo vidogo vya mafundi waliochaguliwa, si kwenye mkanda mrefu wa kawaida. Nyuma ya kulijali gari namna hiyo yupo mzee mmoja, Hiromu Naruse, aliyeingia Toyota mwaka 1963 na kuwa mkuu wa madereva wa kujaribu magari. Ndiye aliyemfundisha Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni, kuendesha gari ili alijue kwa mwili wake. Naruse alifariki Juni 2010 kwenye ajali karibu na Nürburgring, Ujerumani, akiwa kazini. Kazi ya maisha yake ilikuwa kuhisi gari na kueleza kilichopungua. Fundi wangu na kiganja chake juu ya tairi wanafanya kazi hiyohiyo kutoka upande wa pili.

Na dereva? Anayependa kuendesha hulisikia gari lake. Mlio wa stabilaiza anausikia ukiwa bado mdogo kama kubisha mlango, usukani ukianza kuvuta kushoto anaujua wiki hiyohiyo, anafika gereji wakati tiba bado ni bushi moja. Asiyejali hufika akiwa amebebwa. Ndiyo maana nikiulizwa gari la kudumu siogopi kushauri gari ambalo mtu atalipenda, ilimradi spea zake zipo.

Mdogo wangu tulimpeleka kwa fundi na magari yote mawili, kwa siku tofauti. Vitz ilikuwa safi juu na imekwisha chini, na muuzaji hakutaka kupunguza. Demio ilikuwa ya gia za mkono, rangi imepauka, bushi za mbele zimechoka, ila shokapu za mbele zilikuwa kavu na tairodi hazikuwa na ulegevu. Akachukua Demio. Kiasi alichookoa kwenye bei kikaenda chini: bushi zote mbili za kila mkono, linki za stabilaiza, shokapu mbili za nyuma, mwisho alaimenti. Fundi aliomba, kwa kazi ya siku nzima, fedha ambazo zisingenunua tairi moja jipya. Nikamwambia mdogo wangu aongeze, naye akaongeza bila kubisha, maana alikuwa ameshalizungusha gari hadi Ubungo na kurudi. "Dada," fundi akamwambia akifuta mikono, "ukimaliza kilomita elfu moja niletee. Nataka nikazishike zile bolti tena."