Mrija wa Upepo na Jicho la Diski

Mtu asiye na maarifa, akionyeshwa gari la mashindano ambalo mwenyewe amelitengenezea nyumbani mirija ya kupozea breki, aghalabu huinama mbele ya bampa, akayatazama matundu yaliyokuwa ya taa za ukungu, akaisifu midomo ya alumini iliyotiwa humo ikang'aa. Ilhali mjuzi hupita hapo kwa salamu tu, akaomba jeki, akavua gurudumu, akatazama upepo unaishia wapi.

Haja yenyewe si ndogo. Gari la kilo 1,400, tuseme Subaru Impreza iliyong'olewa viti vya nyuma, likipunguzwa mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, huziachia breki nishati inayokaribia jouli milioni 1.2, nayo yatosha kuchemsha lita tatu na ushei za maji ya mtungini. Na kona ya pili haingoji hata vyuma vipumue. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za sentigredi, walakini yakishakunywa unyevu kima hicho huweza kushuka hadi 155, na yakichemka pedeli huzama kama mguu uliokanyaga tope la mikoko.

Basi itazame diski. Diski ya mbele ya gari la namna hii ni bamba mbili zilizounganishwa kwa mapezi, nayo izungukapo huvuta hewa kutoka kwenye jicho lake, karibu na kitovu cha gurudumu, ikaitupa nje ukingoni. Fundi aliyeifahamu hikima hiyo huuelekeza mrija kwenye jicho, upande wa ndani, na pengo linalobaki huliziba kwa bati alilolikunja kuifuata duara ya diski, likaribie bila kugusa. Asiyeifahamu huupuliza upepo juu ya uso mmoja. Uso huo ukapoa na wa pili ukabaki na moto wake, hata chuma kikapinda au kuota nyufa. Kazi kama hiyo, ijapokuwa ribiti zake zimenyooka kama mshono wa kanzu, mimi huihesabu kuwa mbaya kuliko kukosa mrija kabisa.

Pitisha kidole ndani ya mdomo wa bati. Ukikwaruzwa na ncha za ribiti au ukingo usiopigwa tupa, jua kwamba upepo nao hukwaruzwa hapo. Kisha ubonyeze mpira wenyewe: ule wa rangi ya chungwa, wa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni na kutiwa waya wa kuzunguka, hustahimili joto kuliko ule mweusi wa neopreni, ambao ukiukuta umefika mpaka kwenye diski ni dalili ya ubahili. Kipenyo cha milimita 75 hivi chafaa. Lakini uhesabu mikunjo, maana mrija mpana uliobanwa ukawa bapa nyuma ya bampa haupitishi zaidi ya ule mwembamba ulionyooka.

Hapa nina aibu yangu mwenyewe. Mirija yangu ya kwanza niliifunga kwa vijikamba vya plastiki, gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yameelekea mbele, nikaridhika. Alasiri moja ya kukata kona ilitosha: tairi lilikuwa limeula mpira mpaka waya ukachomoza kama ubavu wa punda. Tangu hapo, simwamini fundi yeyote mpaka azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, gurudumu likiwa limeinuliwa kama lililopiga shimo.

Gari la njia za vumbi, kama zile za mashindano ya Safari Rally kule Naivasha, lina hukumu nyingine: mdomo usio na wavu humeza kokoto, na kokoto moja ikikwama baina ya bati na diski hupiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Mwisho, muulize mwenye gari alipimaje. Ziko rangi za kupakwa ukingoni mwa diski, ambapo ya kijani hugeuka kwenye nyuzi 430 hivi, ya chungwa 560, na nyekundu 610. Akikwambia tu kwamba sasa breki zinapoa sana, mshukuru kwa chai. Akikuinamisha akakuonyesha kijani kilichogeuka weupe na chungwa lililosalia vile vile, vuta kigoda ukae.