Mikono Inayotunza RNA

Wataalamu wa maabara wanaopima wingi wa virusi wanastahili sifa, na kwa Njombe wanastahili zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini kwa VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima. Wengi wako kwenye dawa na wanaendelea na kazi zao, viazi, chai, mbao, biashara za Makambako. Kama dawa zimevifubaza virusi, tunaambiwa na RNA ya virusi hivyo iliyomo kwenye damu yao.

RNA huharibika upesi. Vimeng'enya vya kuikatakata vimejaa kwenye ngozi ya vidole vyetu, hivyo glovu za mtaalamu zinaikinga sampuli kama zinavyomkinga yeye. Mtazame na kile kichupa cha kifuniko cha zambarau. Anakipindua taratibu damu isigande, anakizungusha kwenye mashine hadi plazima yenye rangi ya majani makavu ikae juu na chembe nyekundu zitulie chini, kisha anaifyonza ile ya juu bila kugusa mpaka. Akiukwaruza, chembe zilizobeba vinasaba vya virusi zitapanda na majibu yatapotosha. Na yote haya yana muda wake: damu iliyotolewa Makambako haifai kulala njiani siku mbili kabla ya kutenganishwa.

Kinachofuata kinanivutia mno. RNA hugeuzwa kuwa DNA kwa aina ya kimeng'enya walichokigundua Howard Temin na David Baltimore mwaka 1970, ndani ya virusi vya ukoo huohuo. Silaha ya virusi ndiyo inayovihesabu! Zikizidi nakala 1,000 kwa mililita, daktari hujiuliza: dawa zinarukwa, au virusi vimebadilika? Ikibidi, RNA husomwa herufi kwa herufi. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni la kimeng'enya hicho, kiungo cha 184 cha protini hugeuka kutoka methionine kuwa valine, na dawa ya lamivudine hupoteza nguvu. Natamani walimu wa baiolojia wafundishe uhusiano wa jeni na protini kwa mfano huu, maana unawahusu majirani zetu.

Ndugu msomaji uliye kwenye dawa, ukifika kliniki ya tiba na matunzo (CTC) usiondoke na vidonge tu. Ulizia majibu ya kipimo chako cha wingi wa virusi. Ukiendelea na dawa na virusi visionekane, humwambukizi mwenza wako kwa kujamiiana.